Samaki wa Matopeni: Mwongozo Kamili wa Kuvua kwa Mshipi Sehemu Zinazodharauliwa, Mtwara na Lindi

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote ni huu: "Kaka, nimekaa ufukweni kutwa nzima, sijapata hata kitoweo cha paka." Nikiuliza umekaa wapi, jibu halibadiliki. Shangani ya Mtwara, penye mchanga safi. Au Lindi mjini, pale penye upepo mzuri. Nikiuliza saa ngapi, ni saa 6 mchana, jua la utosi.

Tatizo si mkono wako wala chambo chako. Umevua uwanjani. Mchanga mtupu hauna chakula kingi wala kivuli, na samaki akizubaa hapo mchana anaonekana na kila anayemtaka, kuanzia furukombe aliye juu hadi kolekole aliye chini. Samaki anataka vitu vitatu: cha kula, pa kujificha, na pa kupumzikia ili mkondo usimchoshe. Vitu hivyo vitatu hukutana penye tope, penye mashina, penye nguzo zilizooza na mawe yaliyoota chaza. Kwa kifupi, pale ambapo usingempeleka mchumba kupiga picha.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye na mtumbwi, anayevua kwa mshipi wa mkono akiwa amesimama nchi kavu au kwenye maji yasiyopita goti. Mwenye ngalawa ana mambo yake mengine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

Mshipi. Nailoni ya mita 50, unene wa milimita 0.50, iliyozungushwa kwenye chupa ya plastiki au kibao. Usinunue nene zaidi kwa kudhani utapata samaki mkubwa zaidi. Kwenye maji ya kina kifupi uzi mnene unaonekana kama kamba ya mbuzi.

Uzi wa mbele. Sentimita 60 za nailoni nyembamba, milimita 0.35. Huu ndio unaobeba ndoana. Ni mwembamba kwa makusudi, na sababu utaiona katika hatua ya 4.

Ndoana. Kumi angalau, ndogo, mdomo wake usizidi upana wa ukucha wa kidole chako kidogo. Tano utaziacha huko. Zikubali kama gharama ya kazi.

Chubwi, yaani kizito cha kuzamishia chambo. Risasi si lazima. Plagi iliyokufa ya pikipiki inatosha, na mafundi wa bodaboda watakupa bure. Chukua pia uzi wa kushonea nguo, utaufungia kokoto.

Miguuni. Raba za zamani za kufunga kamba. Ndala zitabaki kwenye tope hatua ya tatu, na chaza waliogandamana kwenye mizizi ya mikoko wanakata kama wembe.

Vingine. Fimbo ya urefu wako, kisu, koleo ya kutolea ndoana, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli cha kuvisha kidole cha shahada, ndoo, gunia, chupa ya maji iliyogandishwa barafu, kofia. Na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Najua inachekesha. Ukichomwa na hongwe, samaki wa matopeni mwenye miiba ya sumu, hutacheka, utaitafuta.

Ruhusa. Pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize habari ya leseni, kisha waulize wa kikundi cha usimamizi wa fukwe cha hapo unapotaka kuvua. Eneo la Msimbati na vijiji vya jirani limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ina masharti yake. Kwenye uzio wa bandari usisogee kabisa. Mikoko nayo ni msitu unaolindwa, kwa hiyo usikate hata tawi la kupisha mshipi.

## Hatua ya 1: Hesabu mwezi, si siku za wiki

Wengi wanaoshindwa huenda Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi. Samaki hana habari na wikiendi. Anafuata maji, na maji yanafuata mwezi.

Mambo ni mepesi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake kwetu ikizidi mita 3. Katikati ya bamvu mbili, kama tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, yanakuwa maji mafu, ambayo hayapandi sana wala kushuka sana.

Siku za bamvu pwani yetu hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukishajua hilo unaweza kukadiria bila simu, ingawa jedwali la maji kwenye simu ni sahihi zaidi na halina ubishi.

Sasa gawanya kazi yako hivi. Siku ya bamvu ni ya kusoma. Siku mbili hadi nne baada ya mwezi kuandama au kupevuka ni za kuvua. Siku ya bamvu asubuhi maji yanaondoka kabisa na kukuacha uone chini palivyo. Siku chache baadaye maji hujaa kuelekea magharibi, mkondo umepungua nguvu kidogo, na kupwa kunaanza giza linapoingia. Samaki aitwaye tembo, yule mwenye doa jeusi ubavuni, hutoka kula wakati huohuo.

Maji mafu usiende. Hayaingii vizuri mikokoni, na yasipoingia samaki naye haingii. Mtu atakwambia alipata tarehe 8. Mpongeze, halafu wewe nenda tarehe 4.

*Utajua umefaulu* ukiweza kumwambia mwenzako, bila kuangalia popote, maji yatajaa saa ngapi kesho.

## Hatua ya 2: Nenda maji yamekupwa, na usibebe mshipi

Hii ndiyo hatua ambayo kila anayeniandikia ameiruka. Mimi mwenyewe niliiruka miaka miwili.

Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa mawe Mikindani, mshipi majini, sura ya mtaalamu. Akapita mzee mmoja na kapu lake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unavua samaki au unavua upepo?"

Nikamwambia samaki hawali leo. Akaweka kapu chini, akaniuliza chini ya mshipi wangu pana nini. Nikajibu maji. Akasema, "Maji yapo hata kisimani. Nakuuliza chini pana nini." Sikuwa na jibu. Kesho yake saa 4 asubuhi nilirudi bahari ikiwa imekwenda zake, nikakuta nimekuwa nikivua juu ya mchanga mgumu kama sakafu. Hatua 40 kutoka hapo palikuwa na bomba la zege lililovunjika, limezungukwa na shimo la kufika kiunoni. Nilikuwa nimelipita kila siku kwa sababu pananuka.

Kwa hiyo nenda na fimbo, raba na simu ya kupigia picha. Anza saa moja kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na utoke yanapoanza kurudi. Tembea taratibu ukitafuta sehemu hizi.

Kalvati na madaraja madogo. Popote barabara inapokatiza mkono wa bahari, maji yote ya mikokoni hulazimika kupita tundu moja. Kamba, kaa wadogo na vidagaa hupita humo kama abiria kwenye mlango wa basi. Mkondo wa kalvati huchimba shimo upande wa kutokea, na samaki hukaa pembeni mwa shimo hilo, kichwa kikielekea tunduni, anasubiri kuletewa. Mahali hapa pana takataka, povu, na mara nyingine mbuzi aliyekufa. Ni pazuri kuliko pote ninapopajua.

Ukingo wa mlilana. Mikoko haioti ovyo. Mlilana ndio unaotangulia mbele kabisa baharini, na mizizi yake ya kupumulia imechomoza kama misumari. Nyuma yake utaona mkoko wenye mizizi ya upinde, na mchu hata mbali zaidi kuelekea nchi kavu. Usivue ndani ya msitu, utapoteza kila ndoana. Tafuta pale kijito kinapotoka mikokoni na kukutana na maji ya wazi. Kijito kisichokauka hata siku ya bamvu, kikabakiza dimbwi la kufika gotini, kitie alama.

Nguzo za gati la zamani na mashua zilizoachwa. Mbao zinazooza huota chaza na magugu, hayo huvuta vikamba, navyo huvuta chaa na chewa wadogo. Angalia upande wa kivuli na upande ambao mkondo umechimba. Mashua iliyolala ubavu tangu utoto wako ni nyumba ya wapangaji wengi.

Ukingo wa majani ya bahari. Majani yenyewe usiyavulie, yatafunika chambo. Tafuta mpaka wa majani na mchanga, hasa penye madoa ya mchanga katikati ya majani, mfano wa upara. Changu hupenda kupita humo akiokota kaa.

Mfereji wa mashamba ya chumvi. Maji yanapofunguliwa kuingia au kutoka, mdomo wa mfereji huo unafanya kazi kama kalvati. Ongea na wenye shamba kwanza. Wanachoka na wageni wanaokanyaga kingo zao.

Mstari wa rangi. Huu hauuoni maji yakiwa yamekupwa, lakini ukumbuke. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, mto Lukuledi huleta maji ya kahawia kwenye ghuba ya Lindi. Maji baridi yasiyo na chumvi huwasukuma samaki nje ya vijito. Usivue ndani ya kahawia, vua pale kahawia inapokutana na kijani. Na baada ya mvua kubwa subiri siku mbili.

Sasa tahadhari, na hizi si za kupamba.

Tope la mikokoni linaweza kumeza mguu hadi pajani. Pima kwa fimbo kabla ya kila hatua, kanyaga karibu na shina, na ukizama usijinyanyue kwa nguvu: lala kifudifudi, sambaza uzito, uvute mguu polepole. Penye maji burura miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani akusikie na kuondoka. Ukimkanyaga, mwiba wa mkia wake hautakusamehe.

Mdomoni mwa Ruvuma pana mamba na viboko. Huko mwongozo huu haufanyi kazi. Usiingie majini hata kidogo.

Na tofautisha mfereji wa mvua na mfereji wa vyoo. Sehemu mbaya ninayoisifu ni mbaya kwa macho. Panaponuka kinyesi au mafuta ya mashine, ondoka, hata kama samaki wanaruka mpaka kwenye ndoo. Samaki na chaza wa hapo si chakula.

*Utajua umefaulu* ukirudi na picha za sehemu tatu na, kwa kila moja, alama ya nchi kavu inayoonekana maji yakijaa: mnazi uliopinda, kona ya ukuta, nguzo ya umeme. Bila alama, saa 12 jioni utasimama hapo na kuona maji matupu tena.

## Hatua ya 3: Chambo kitoke palepale

Samaki wa kalvati anakula kinachopita kwenye kalvati. Ukimletea kipande cha nyama ya ng'ombe unampa kitendawili.

Kamba mbichi ndiye wa kwanza. Ni laini, ananukia, na chaa hawezi kumpita. Ubaya wake ni kwamba vijisamaki vinamdonoa hadi kubaki ganda. Ukiona unarudisha ndoana tupu mara tatu, badilisha, weka tondo. Konokono hawa wakubwa wamejaa kwenye tope la mikoko; mvunje kwa jiwe, toa nyama, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya korosho. Nyama yake ni ngumu na haitoki ndoanani kirahisi. Ngisi naye ni mgumu hivyohivyo, ila ni wa kununua, na mimi sinunui ninachoweza kuokota.

Okota tondo kumi tu. Kuna kina mama wanaowategemea kwa kitoweo, na mkokoni pale wewe ndiye mgeni.

Funika chambo kwa kitambaa kilicholowa. Kamba aliyekauka juani huwa kama mpira na hana harufu tena.

*Utajua umefaulu* kama ndoana imepita katikati ya nyama na ncha yake imechungulia kidogo upande wa pili. Ncha iliyozikwa kabisa haichomi.

## Hatua ya 4: Funga kwa ajili ya kukwama

Ufukweni unafunga mshipi ili uvue. Penye mashina unafunga ukijua utakwama, na swali ni utapoteza nini.

Funga uzi wa mbele kwenye mshipi mkuu, ndoana moja tu mwishoni. Ndoana mbili zinapendeza kwenye picha, ila moja ikishika samaki ya pili inashika mzizi.

Chubwi liwe kwenye maungio, likining'inia kwa uzi wa kushonea wa urefu wa kiganja. Penye mawe na chaza weka kokoto badala ya plagi. Likinasa, vuta: uzi wa kushonea utakatika, kokoto litabaki, na ndoana na samaki vitarudi. Ikinasa ndoana yenyewe, utakatika uzi wa mbele kwa sababu ni mwembamba kuliko mshipi mkuu. Unapoteza sentimita 60, si mita 30.

Uzito uwe mdogo kadiri mkondo unavyoruhusu. Chambo kinachoteleza kidogo chini kinaonekana hai, na kile kilichopigiliwa kama nanga kinashtua.

*Utajua umefaulu* ukivuta kwa nguvu nyumbani, ndoana imefungwa kwenye mguu wa kitanda, na kinachokatika ni uzi wa mbele.

## Hatua ya 5: Simama wapi, saa ngapi

Maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Yanapoanza kugeuka hutambaa, saa ya tatu na ya nne hukimbia, kisha hupoa tena. Mkondo ukiwa mkali samaki hujibana nyuma ya kitu na hatoki. Ukiwa umekufa kabisa, hana cha kuletewa. Muda wako ni saa mbili za mwisho za kujaa, na saa mbili za mwanzo za kupwa.

Yanapojaa samaki wanaingia mikokoni, kwa hiyo simama nje ya mlango wa kijito na utupe chambo mbele yake. Yanapopwa wanatoka na wana haraka, maana anayechelewa anabaki kwenye tope. Hapo hamia upande wa kutokea wa kalvati na utupe ndani ya povu, ukiacha mkondo ukibebe chambo hadi ukingoni mwa shimo. Usitupe katikati ya shimo. Samaki yuko pembeni, penye maji yanayozunguka polepole.

Jua likiwa mgongoni mwako kivuli chako kinatangulia majini, na samaki wote wanaondoka kabla yako. Simama ambapo kivuli kinaangukia nchi kavu, au chuchumaa. Na usikanyage kalvati kwa vishindo. Zege linapeleka sauti majini vizuri kuliko unavyodhani. Taa ya kichwani usiimulike majini ukishaanza kuvua usiku.

Hapa nizungumzie mkizi, kwa sababu amewapotezea watu jioni nyingi. Utawaona wanaruka mbele yako, kumi, ishirini, wanang'aa. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi, lakini walikuwa wanasema juu ya anayejirukia mwenyewe chomboni. Kwenye ndoana mkizi hana faida: anakula utando wa tope na majani yaliyooza, na kamba wako hamtaki. Wapo wanaoniandikia "samaki walikuwa wamejaa lakini hawali." Walikuwa mkizi. Ila watazame wanavyoruka. Wakiruka mmoja mmoja wanacheza. Wakitawanyika wote kwa pamoja kama mtu amerusha jiwe, chini yao pana kolekole au mzia, naye huyo anakula. Tupa nyuma ya kundi, si katikati.

*Utajua umefaulu* ukihisi mshipi unatembea polepole kidoleni, unasimama, unatembea tena. Hiyo ni chini, inakuhadithia.

## Hatua ya 6: Kudonoa, kumeza, kuvuta

Shika mshipi juu ya kidole cha shahada kilichovishwa mpira. Usiuzungushe mkononi hata mara moja. Kolekole wa kilo 2 anaweza kukukata hadi mfupa.

Chaa hudonoa haraka haraka, tik-tik-tik. Usivute. Subiri mshipi uende upande mmoja, halafu vuta kwa kiganja tu, kama unavyovuta uzi wa cherehani. Changu huja na vishindo viwili vizito, na cha pili ndicho chako. Chewa hadonoi: mshipi unakuwa mzito ghafla kama umenasa. Huyo mpe sekunde moja tu, kisha vuta mfululizo bila kulegeza, kwa sababu akirudi shimoni mwake na kutanua mapezi, umemaliza.

Ikitokea amerudi shimoni, usishindane naye. Legeza mshipi kabisa, kaa dakika tano, unywe maji. Mara nyingi atatoka mwenyewe akidhani yamekwisha.

*Utajua umefaulu* samaki akiwa juu ya nchi kavu, mbali na ukingo. Nimeshawaona wanaume wazima wakigaagaa matopeni kumfukuza chaa wa robo kilo aliyekwishavuliwa.

## Hatua ya 7: Mjue uliyemvua kabla hujamshika

Bunju. Anajaza tumbo kama puto. Mkate uzi, mrudishe. Haliwi, haijalishi nani amekwambia anajua kumwandaa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa, na haina dawa ya kuiondoa mwilini.

Hongwe. Mwenye masharubu, anapenda tope kuliko wote, kwa hiyo mtakutana. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni. Mkanyage taratibu kwa raba kwenye gunia, ndipo umtoe ndoana kwa koleo. Ukichomwa, fungua ile chupa ya chai: changanya maji yawe ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, ukiyapima kwa mkono ambao haukuchomwa, na uloweke sehemu iliyochomwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto linaivunja sumu na maumivu hupungua. Kisha nenda kituo cha afya, maana kipande cha mwiba hubaki ndani.

Tasi. Mtamu mno kwa kukaanga, ila miiba ya mapezi yake inachoma kwa sumu vilevile. Mshike kwa gunia.

Mkunga. Ana sura ya nyoka, na meno. Kata uzi tu. Ndoana moja haina thamani ya kidole.

Chewa na changu wadogo. Mikoko ni mahali pa kukulia. Wa urefu wa kiganja warudishe wote, kwa mikono iliyolowa. Huo si wema, ni akiba yako ya mwakani.

Samaki wa kula mchinje hapohapo, toa matumbo na matamvua, mweke kwenye gunia lililolowa pamoja na ile chupa ya barafu. Joto la kwetu halingoji. Samaki aliyekaa kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu kwa saa mbili utamjua kwenye mchuzi hata nazi iwe nzito vipi.

## Hatua ya 8: Hama, kisha andika

Dakika 20 bila kudonolewa, katika muda sahihi wa maji, zinatosha. Nenda sehemu ya pili kati ya zile tatu. Anayeng'ang'ania mahali pamoja kwa saa nne si mvumilivu. Amechoka kutembea tu.

Ukishindwa sehemu zote tatu, usibadilishe ndoana wala chambo kwanza. Rudi bamvu ijayo saa 4 asubuhi ukatazame tena. Mchanga huhama, hasa kusi likivuma katikati ya mwaka, na shimo la mwezi wa tatu linaweza kuwa limefukiwa mwezi wa saba. Kusi hilohilo ndilo linalofanya ghuba zilizojificha, Mikindani, Sudi, ndani ya Lindi, ziwe na maana wakati ufukwe wa wazi unachafuka.

Nunua daftari la kurasa 40. Kila ukitoka andika tarehe ya mwezi mwandamo, saa ya kujaa, upepo, sehemu, chambo, na ulichopata hata kama ni sifuri. Baada ya miezi sita utakuwa na kitu ambacho mimi siwezi kukupa, kwa sababu kalvati yako si yangu.

Daftari langu lina safu moja ya ziada, ya mwisho kabisa: *nani kaniona*. Ikiwa na jina, sehemu hiyo naiacha hadi bamvu mbili zipite, na mtaani nikiulizwa nasema nilikwenda Shangani.